Kiti, Kiingilio na Amana: Upanuzi wa Anfield na Madai ya Mashabiki

Swali la nani mwenye kauli juu ya mahali ambapo umma umepazoea lina umri mrefu katika fikra za dini na za falsafa, na kwa kawaida limejadiliwa kwa mifano ya misikiti, makanisa, makaburi, malisho na visima. Viwanja vya mpira wa miguu havikuhesabiwa katika mjadala huo, kwa kuwa sheria za nchi nyingi huvitazama kama mali ya kampuni, sawa na ghala au hoteli. Hata hivyo upanuzi wa viwanja, yaani kazi ya kuongeza majukwaa na viti katika uwanja uliopo bila kuhamia pengine, umelirudisha swali hilo kwa sura mpya, maana unagusa kwa pamoja mali ya mwenye uwanja, mazoea ya anayeingia, makazi ya jirani na kumbukumbu za waliokufa. Anfield, uwanja wa klabu ya Liverpool nchini Uingereza, unafaa kuchunguzwa kwa makini kuliko vingine vingi, kwa sababu mambo yote manne yamekutana hapo, na kwa sababu wahusika wake hawakukaa kimya.

Anfield una umri mkubwa kuliko klabu inayoutumia. Mechi zilianza kuchezwa hapo mwaka 1884, na kwa miaka minane wapangaji wake walikuwa Everton, mpaka mwaka 1892 ulipotokea ugomvi kuhusu kodi na masharti ya umiliki baina ya klabu hiyo na John Houlding, mwenye kiwanda cha bia aliyeudhibiti uwanja. Everton wakahamia upande wa pili wa bustani ya Stanley Park na kujenga Goodison Park, naye Houlding, akiwa amebaki na uwanja usio na timu, akaanzisha Liverpool ili uwanja usikae bure. Anayeamini kwamba fedha zimeuingia mchezo huu juzi tu angefanya vyema kuanzia hapo.

Kabla ya kuuliza nani ana haki juu ya Anfield, inafaa kuuliza kama kitu kinachodaiwa bado ni kilekile. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha *Siasa*, aliuliza kwa msingi gani mji unaweza kuitwa uleule baada ya vizazi kupita, akakataa jibu la kwamba kuta ndizo zinazoufanya mji, kwa hoja kwamba ukuta mmoja ungeweza kuizungushia rasi yote ya Peloponnesos bila kuifanya kuwa mji mmoja. Jibu lake lilikuwa kwamba mji hubaki uleule maadamu utaratibu wake umebaki uleule, yaani namna wakazi wanavyopangwa na kushirikiana. Jibu hilo huonekana kumfaa mwenye uwanja, kwa kuwa linaondoa uzito wa matofali, lakini likipimwa kwa historia ya jukwaa la Kop humgeukia. Jukwaa hilo lilijengwa mwaka 1906, likapewa jina la kilima cha Spion Kop huko Natal ambako askari wengi wa Kiingereza walikufa Januari 1900, likaezekwa mwaka 1928, na kwa miongo mingi lilichukua watu wanaokaribia 30,000, wote wakiwa wamesimama. Mtu alichagua asimame wapi na karibu na nani, kijana mwenye senti chache aliingia akakua akiwa palepale, na nyimbo zilianza popote zilipoanza. Mechi ya mwisho ya kusimama ilichezwa tarehe 30 Aprili 1994 dhidi ya Norwich City, kisha likajengwa jukwaa la viti vipatavyo 12,000, kila kiti na namba yake. Kwa kipimo cha Aristotle kilichobadilika siku hiyo kilikuwa kikubwa kuliko yote yaliyofanywa na mafundi baadaye, kwa sababu kiliguswa kile alichokiita utaratibu.

Hoja hiyo haiwezi kusonga mbele bila kukutana na janga la uwanja wa Hillsborough. Tarehe 15 Aprili 1989, katika nusu fainali ya Kombe la FA mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa ndani ya vizimba vya jukwaa la kusimama, na watu 97 walipoteza maisha, wa mwisho wao akifariki mwaka 2021 baada ya kuishi miaka mingi na majeraha ya siku ile. Baraza la wazee wa mahakama lilihitimisha mwaka 2016 kwamba wale waliokuwa wamekwisha kufa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ndiyo iliyopendekeza viti katika viwanja vikubwa, na hakuna mwenye busara anayeweza kuyapa mazoea ya kusimama uzito kuliko roho za watu. Wanazuoni wa Kiislamu wanaolitaja lengo la kuhifadhi nafsi kabla ya lile la kuhifadhi mali wangekubaliana na jaji huyo bila kusita. Lakini wanazuoni haohao wana kanuni nyingine, kwamba jambo lililoruhusiwa kwa dharura huruhusiwa kwa kiasi cha dharura hiyo na halivuki hapo. Taylor mwenyewe aliona hatari ya kuvuka, akaeleza kwamba viti havikulazimu kiingilio kupanda sana, akitoa mfano wa uwanja wa Ibrox mjini Glasgow ambako kukaa kuligharimu pauni 6 na kusimama pauni 4. Vilabu vikachukua viti, vikaacha ushauri. Usalama ukawa mlango ambao bei iliupitia, na ni vigumu kuliona hilo kuwa bahati mbaya tu, hasa ikikumbukwa kwamba kuanzia mwaka 2022 kusimama kumeruhusiwa tena kwa leseni katika majukwaa yenye vyuma vya kuzuia msukumano, na Kop ni mojawapo.

Madai ya shabiki yanasimama juu ya msingi gani basi? Njia iliyozoeleka ni ile ya John Locke, ambaye katika andiko lake la pili kuhusu utawala, lililochapishwa mwaka 1689, alidai kwamba mtu hupata milki, yaani haki ya kumiliki, pale anapochanganya kazi yake na kitu. Mashabiki nao wamechanganya kitu: sauti, safari, nauli, na Jumamosi za miaka thelathini. Kwamba mchango huo ni sehemu ya kinachouzwa kulithibitika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ambapo mechi zilichezwa mbele ya viti vitupu na vituo vya televisheni vikalazimika kuweka kelele za kurekodiwa ili picha zisionekane kama za mazoezi. Liverpool wenyewe walinyanyua kombe la ligi Julai mwaka huo katika jukwaa la Kop lisilo na watu. Hata hivyo hoja ya Locke haitoshi. Yeye alizungumzia vitu visivyo na mwenyewe, ilhali Anfield una mwenyewe mwenye hati, na anayeimba ndani ya nyumba ya mwenzake, hata aimbe vizuri namna gani, hajapata chumba.

Dhana inayofaa zaidi ni amana. Katika fikra za kidini amana ni kitu ambacho mtu amekishika kihalali lakini kwa ajili ya mwingine, hivyo kwamba kukishika kwenyewe kunamletea wajibu kabla ya kumletea faida, na mwenye kuivunja amana hiyo huitwa mhaini hata kama hakuna hati aliyoikiuka. Kampuni ya Kimarekani ambayo leo inaitwa Fenway Sports Group iliinunua Liverpool Oktoba 2010 kwa pauni milioni 300, na sehemu kubwa ya thamani hiyo ilitokana na jina, nyimbo, kumbukumbu na mapenzi yaliyojengwa na watu ambao hawakulipwa hata senti moja kati ya hizo. Kununua kitu cha namna hiyo ni kupokea amana, atake mnunuzi asitake. Amana hiyo inamfunga pia shabiki mkongwe, jambo ambalo watetezi wa mashabiki hupenda kulisahau: naye aliikuta Kop imekwisha kuanza kuimba, akafunzwa na waliomtangulia, na kwa hiyo ukongwe wake unampa haki ya kusema juu ya mahali hapo bila kumpa haki ya kufunga mlango nyuma yake.

Namna haki hiyo ya kusema inavyotumika ilionekana Februari 2016. Jukwaa kuu lilikuwa likipanuliwa kwa viti vipatavyo 8,500, na klabu ikatangaza kwamba tiketi ya bei ya juu kabisa ndani yake ingepanda kutoka pauni 59 hadi 77. Katika mechi dhidi ya Sunderland tarehe 6 mwezi huo, watu wanaokadiriwa kuwa 10,000 walinyanyuka na kutoka dakika ya 77, timu yao ikiongoza mabao mawili kwa sifuri. Mechi ikaisha sare ya mawili kwa mawili. Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi, wakaifuta bei hiyo na kuahidi kutopandisha viingilio kwa misimu miwili. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomzuia asiondoke mapema. Waliotoka Anfield walizichanganya njia zote mbili: waliondoka ili wasikike, nao walikusudia kurudi. Jambo linalostahili kutafakariwa zaidi ni kwamba wengi wao walikaa katika majukwaa ambayo bei hiyo isingeyafika. Mteja wa kawaida haachi bidhaa aliyokwisha kuilipia kwa sababu ya bei atakayotozwa mtu asiyemjua. Kitendo hicho hakieleweki kama malalamiko ya mnunuzi, kinaeleweka kama ushahidi kwamba watu hao walijiona wameshika kitu kwa pamoja. Mwanafalsafa Michael Sandel, katika kitabu cha mwaka 2012 kuhusu mipaka ya soko, alilalamika kwamba vyumba vya kifahari vimewaondoa matajiri kutoka katika umati viwanjani Marekani, hata tajiri na maskini wasilowe tena na mvua moja. Mashabiki wa Liverpool walifika kwenye hoja hiyohiyo kwa miguu.

Jirani yuko katika hali ngumu kuliko shabiki, maana huenda hakuwahi kuupenda mpira. Klabu ilipotaka kulipandisha jukwaa la upande wa Kemlyn Road ilinunua nyumba za mtaa huo mojamoja, lakini kina dada wawili wazee walikataa kuuza nyumba yao kwa miaka kadhaa, wakabaki peke yao katika mtaa uliohamwa, mpaka walipokubali mwaka 1990. Jukwaa likafunguliwa mwaka 1992. Palikuwa na mashabiki waliowaona kuwa wakaidi. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Nabothi, aliyemnyima mfalme Ahabu shamba la mizabibu ingawa aliahidiwa lililo bora au fedha taslimu, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Lakini mfano ulio karibu zaidi na upanuzi uko katika masimulizi ya Kiislamu kuhusu Msikiti wa Mtume mjini Madina, ambao Khalifa Umar bin Khattab aliupanua baada ya waumini kuongezeka. Inasimuliwa kwamba nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa katika njia ya upanuzi, na Abbas akakataa kuitoa. Shauri likapelekwa kwa Ubayy bin Kaab, naye akamhukumia Abbas dhidi ya Khalifa. Hukumu ilipokwisha kuthibitika kwamba hakuna awezaye kumlazimisha, ndipo Abbas alipoitoa nyumba hiyo bure kwa ajili ya Waislamu. Mpangilio wa kisa hicho ndio wenye somo, kwa kuwa nyumba haikuwa ndogo mbele ya msikiti mpaka haki ya mwenyewe ya kusema hapana ilipolindwa, na kutoa kwake kukawa na thamani kwa sababu kukataa kuliwezekana.

Likipimwa hivyo, suala la Lothair Road linaonekana zito kuliko la Kemlyn Road. Nyumba kadhaa za mtaa huo, nyuma ya jukwaa kuu, zilinunuliwa kwa miaka mingi na kuachwa tupu, madirisha yakiwa yamezibwa, wakati mipango ilipokuwa ikiyumba baina ya kupanua na kuhamia uwanja mpya ndani ya Stanley Park. Uamuzi wa kubaki ulitangazwa Oktoba 2012 tu. Waliobaki katika mtaa wa namna hiyo huona thamani ya nyumba zao ikishuka, majirani wakipungua na uhalifu ukisogea, na wakazi wa hapo walilalamika hadharani kwamba ndivyo walivyofikishwa mahali pa kuuza. Waliouza walitia saini. Lakini ridhaa ya mtu ambaye mtaa wake umekwisha kufa haiwezi kuwekwa pamoja na ridhaa ya Abbas, na falsafa ya haki inayohesabu saini peke yake haina jicho la kuiona tofauti hiyo.

Upande wa pili wa mizani wako wale ambao upanuzi umewafungulia mlango, na haki inataka wahesabiwe. Jukwaa kuu jipya lilipofunguliwa Septemba 2016 uwanja ulifikia uwezo wa watu wapatao 54,000, na jukwaa la Anfield Road, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2021 na kucheleweshwa mkandarasi wake alipofilisika mwaka 2023, limeongeza viti vipatavyo 7,000 na kuufikisha uwanja zaidi ya watu 61,000, karibu sawa na rekodi ya 61,905 waliobanana hapo mwaka 1952 kwa mechi ya Kombe la FA dhidi ya Wolverhampton Wanderers. Kwa watu waliongoja tiketi ya msimu kwa miaka, kulilia ukaribu wa zamani wakati wengine wako nje ni aina ya uchoyo. Hata hivyo si kila kiti ni mlango. Kiti cha ukumbi wa chakula na vinywaji kimemwongeza mtu mmoja katika hesabu bila kumpunguza hata mmoja katika foleni. Wako pia wale ambao hawatafika kamwe, wakiwemo maelfu wanaolipa kiingilio kidogo katika vibanda umiza vya Mwanza, Mombasa au Bujumbura kuitazama Liverpool. Wao upanuzi hauwapi kiti wala hauwanyang'anyi, ila wananunua, kupitia televisheni, ile sauti ya majukwaa, na ikiwa umati utageuka kuwa wa watalii wanaopiga picha, hasara itawafikia hata wao. Kwa sababu hiyo inafaa kukubali kwamba madai ya aliye mbali ni ya kweli, ingawa ni mepesi kuliko ya yule aliyevumilia baridi.

Mwisho wako wafu. Majivu ya Bill Shankly, kocha aliyeijenga upya klabu hiyo na kufariki mwaka 1981, yalimwagwa katika uwanja wa Anfield, na baada ya Hillsborough nyasi zake zilifunikwa maua yaliyoletwa na watu kutoka kila upande. Kumbukumbu ya waliokufa, iliyokuwa pembeni mwa lango la Shankly, ilihamishwa wakati wa upanuzi na kuwekwa mbele ya jukwaa kuu jipya, kwa heshima na kwa nafasi kubwa zaidi. Je, kitu kitakatifu kinaweza kuhamishwa na kubaki kitakatifu? Fikra za wakfu zinasaidia hapa, wakfu ukiwa ni mali iliyozuiwa isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yaendelee kuwafikia watu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wameruhusu mali hiyo ibadilishwe manufaa yake yanapokoma, hata ikiwa ni msikiti ambao watu wameuhama. Wale wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wamekuwa wagumu zaidi, wakishikilia kwamba msikiti hauuzwi hata ukibomoka. Kumbukumbu ya Hillsborough ilihama bila kuacha kutumika, na familia nyingi zinaendelea kuitembelea, kwa hiyo ugomvi wa madhehebu hayo mawili haukuifikia.

Uliwafikia Everton. Baada ya miaka 133 timu ya wanaume iliagana na Goodison Park Mei 2025 na kuhamia uwanja mpya kwenye gati la Bramley-Moore, ikiacha majivu ya mamia ya mashabiki yaliyozikwa kuuzunguka uwanja wa zamani. Mipango ya awali ilikuwa kuubomoa. Baadaye ikaamuliwa ubaki kuwa nyumba ya timu ya wanawake, na hivyo manufaa yakaendelea na wafu wakaachwa walipo. Uamuzi huo ulitoka kwa wamiliki, na wamiliki wengine wanaweza kuutengua. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu mamlaka za mitaa nchini Uingereza inaruhusu jamii kuliorodhesha jengo au kiwanja kuwa mali yenye thamani kwake, na mashabiki wa vilabu kadhaa wameitumia. Inawapa miezi michache ya kutafuta fedha mali hiyo inapotangazwa kuuzwa, na haiwapi kauli yoyote inapopanuliwa.